Hofu ya Mtani

"Ukifa, lile jiko lako la jua nachukua mimi," nilimwambia Osmunda.

"Utapikia nini, michembe yenu ya viazi vikavu?" alijibu. "Niache nife kwa amani, Mnyamwezi wewe."

Nesi Editruda, aliyekuwa akinipangusa nyuma ya sikio kwa pamba yenye spiriti, alicheka mpaka pamba ikamponyoka. Shangazi yake Osmunda, Bi Fotunata, naye alitabasamu kidogo pale kwenye kiti chake, kikapu chenye chupa ya uji mapajani. Alijua fika kwamba mgonjwa haruhusiwi kuonja kitu mpaka atoke chumba cha upasuaji. Alikuja na uji kwa sababu hajawahi kwenda hospitali mikono mitupu. Huyo ndiye aliyemlea Osmunda tangu mama yake alipofariki.

Utani wetu ulikuwa wa siku zote, lakini sauti ya Osmunda haikuwa ya siku zote. Shuka lilikuwa linacheza juu ya miguu yake, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mimi na yeye tunafanya kazi pamoja kwenye karakana ya droni za kupeleka dawa milimani, hapa hapa Songea. Nimemwona akipanda mnara wa kutulia droni huku radi zinapiga, akifungua boliti na kuimba. Leo alikuwa anaogopa operesheni ambayo hospitali ile iliifanya kila wiki, tena kwa mkono wa daktari ambaye angeweza kuifanya huku anasikiliza mpira redioni. Vivimbe kwenye kizazi. Ni wanawake wangapi wametolewa vivimbe, na leo wako sokoni wanagombania bei ya nyanya?

"Ningekuwa na viatu," aliniambia kwa sauti ya chini, "saa hizi ningekuwa nimeshafika Mbinga."

"Ndiyo maana nimekuja. Lete huo mzigo."

"Si mmezaliwa kubeba, nyie. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe utashindwa kahofu kadogo?"

"Kadogo? Mngoni anaogopa kisu! Si nyie mlioingia nchi hii na mikuki, mkiswaga watu kama ng'ombe? Leo kisu cha kumenyea viazi kinakutoa jasho."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani.

Watu walinisifu sana kwa kukubali kuwa mpokezi wa hofu yake. Walisema Kalunde ana moyo. Moyo gani? Mimi ni fundi. Kitu chochote chenye kifuniko lazima nikifungue nione ndani kuna nini, na kwa miaka mingi nilikuwa natamani kujua hofu ya mtu mwingine ikoje. Inafanana na yangu? Inakaa wapi? Ina uzito gani? Osmunda aliponiomba, nilikubali kabla hajamaliza kusema, na baadaye ndipo nikakumbuka kumwuliza anaumwa nini.

*

Kipokezi chenyewe ni kitu kidogo, kama punje ya harage iliyobanwa ikawa bapa. Nesi alibandika kimoja nyuma ya sikio langu na kingine nyuma ya sikio la Osmunda. Vyote viwili vikawaka taa ya kijani.

"Masharti unayajua, mama?" aliniuliza.

"Nikumbushe."

"Hofu yake yote itakuja kwako mpaka alale kwa dawa ya usingizi. Mawazo yake hayaji. Hutajua anachowaza, utasikia hofu tupu. Ukizidiwa una haki ya kutua. Unabandua, basi, na hakuna atakayekulaumu. Ila ukitua, hofu inamrudia mwenyewe yote kwa mkupuo, na operesheni inaweza kuahirishwa."

"Sijawahi kutua mzigo njiani," nilisema, na Osmunda akapiga makofi.

Vijana wa siku hizi wanadhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Hapana. Mwanzoni wataalamu walitengeneza chombo cha kuifuta hofu kabisa, na kikafanya kazi vizuri kupita kiasi. Wagonjwa walitulia, halafu miili yao nayo ikatulia. Damu ilipopungua moyo haukukimbia, na kidonda kilipochafuka mwili haukushtuka. Ndipo wakagundua kwamba hofu ina kazi yake na haifutiki bila hasara. Ila inaweza kuhamishwa. Ikihamishwa, mwili wa mgonjwa unajua kwamba bado ipo mahali fulani, na unaendelea kujilinda. Friji nayo haiui joto la maziwa yako, inalitoa ndani na kulimwaga nyuma. Anayebisha aweke mkono nyuma ya friji. Siku ile nyuma ya friji nilikuwa mimi.

Likabaki swali la nani apokee. Walijaribu waume, walijaribu akina mama. Mama akipokea hofu ya mwanawe anaichanganya na yake, na nesi anajikuta na wagonjwa wawili. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana huku kwetu, bila utafiti wowote, pale familia zilipoanza kuja na watani wao wa jadi. Mtani msibani anaingia kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka apewe chake. Mtu wa namna hiyo mapigo ya moyo wake hayapandi ovyo. Hospitali zikaona, zikaweka utaratibu kwamba mpokezi asiwe ndugu wa damu wala mwenzi wa ndoa, na kama kuna mtani, mtani kwanza.

"Tayari?" aliuliza nesi Editruda.

"Leta."

*

Nilitegemea ingeanzia tumboni, kwa sababu yangu huanzia hapo. Tumbo langu halikusikia kitu. Hofu ya Osmunda ilikuja magotini. Nilisikia baridi nyuma ya vifundo vya magoti, halafu kama kuna mtu anafungua skrubu zake taratibu, moja moja. Baada ya hapo ikapanda masikioni. Huko nje kwenye korido kulikuwa na toroli lenye gurudumu bovu, ambalo sikuwa nimelisikia kabla. Sasa nililisikia mpaka nilijua ni gurudumu la upande gani.

"Magotini!" nilipiga kelele. "Jamani, hofu yake inakaa magotini! Kumbe ndiyo maana mababu zenu walitembea kutoka Afrika Kusini mpaka hapa. Hofu ikiwa magotini mtu utakaaje?"

Osmunda alikuwa ameinuka na kukaa, anaitazama miguu yake. Shuka lilikuwa limetulia.

"Imeondoka," alisema. "Shangazi, imeondoka! Nasikia njaa."

Basi kwa muda nilifurahi kama mtoto aliyepewa redio ya kufungua. Nilikaa kwenye kiti changu nikiichunguza ile hofu inavyokwenda. Nesi alipochoma sindano ya dripu, ilipanda kidogo, ikashuka. Alipoleta kofia ya plastiki ya kufunika nywele, ilipanda kidogo tena, labda kwa sababu kofia zile zinamfanya kila mtu afanane na maiti. Nilikuwa naitangaza kwa sauti, imepanda, imeshuka, na Osmunda alikuwa anasikiliza habari zake kama anasomewa za mtu wa mkoa mwingine.

"Kisu chenyewe je?" aliuliza. "Hebu nifikirie kisu." Akafumba macho. "Haya, nimekifikiria. Imepandaje?"

Nilishangaa. "Kidogo tu. Hata sindano imekizidi."

"Ajabu," alisema. "Kumbe sikuwa naogopa kisu."

Tulitazamana. Wote wawili tulitaka kujua. Nadhani tungeendelea na mchezo ule, tukitaja kitu kimoja kimoja mpaka tuipate hofu mahali ilipojificha, lakini Bi Fotunata alisimama. Aliweka kikapu chini, akamsogelea mwanawe na kumwekea mikono kichwani, juu ya ile kofia.

"Baba wa rehema," aliomba, "mponye mwanangu huyu. Na safari hii umjalie mtoto. Tumengoja, Baba. Hatujachoka kungoja."

Magoti yangu yaliruka. Nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Ile baridi ilipanda mpaka mapajani, ikakaa hapo muda wote wa sala.

"Amina," alisema Osmunda, kwa wepesi wa mtu aliyeambiwa apitishe chumvi.

Sikulitangaza hilo. Nilidhani nimeelewa, nikaona si jambo la kupigia kelele. Karakana nzima ilijua habari za Osmunda. Mimba tatu zilikuwa zimetoka. Mume alikuwa ameondoka zamani kwenda kutafuta watoto kwingine. Nilisema moyoni, masikini, kumbe hofu yenyewe ni hii. Anaogopa atakosa mtoto.

*

Daktari Ngailo aliingia na miwani yake juu ya paji la uso. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya upole inayofaa kwa kazi yake. Alimsalimia shangazi kwa "shikamoo" ya heshima kabisa, akanitupia jicho mimi na kucheka kidogo, kwa sababu habari za vituko vyangu zilikuwa zimeshafika korido nzima. Kisha akagusa ukuta, na taa ndogo ikawaka. Kuanzia hapo ukuta ulikuwa unarekodi.

"Osmunda, nina swali moja kabla hatujaenda. Naweza kutoa vivimbe peke yake na kuacha kizazi. Ila vyako ni vingi, na vinaweza kurudi. Au naweza kutoa kizazi chote, navyo havitarudi. Kwa hali yako njia zote mbili zinafaa. Chaguo ni lako, na ukishalala siwezi kukuuliza."

"Kitoe tu," alisema Osmunda.

Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa habari za kiti kibovu sebuleni. Hata daktari alisita kidogo.

"Osmunda!" alisema shangazi yake.

"Shangazi, si amesema nichague?"

Sikusikia kilichofuata. Hofu ilinijia kwa namna ambayo sindano na kofia na hata ile sala havikuwa vimeileta. Magoti yote mawili yaliniacha. Nilijikuta sakafuni, miguu imetawanyika, mgongo umeegemea kabati, na masikio yangu yanasikia kila kitu, dripu ikidondoka, kalamu ikigonga mfukoni kwa daktari, pumzi za watu wanne. Nilitaka kukimbia na sikuwa na miguu. Taa ya kipokezi changu, walivyoniambia baadaye, ilikuwa imegeuka manjano.

"Daktari, simama," nilisema. "Usimsikilize. Anaogopa. Anaogopa vibaya sana."

Wakacheka.

Siwalaumu. Ningekuwa mahali pao ningecheka. Mnyamwezi ameanguka chini mbele ya Mngoni anayepelekwa kupasuliwa, anatetemeka na kutoa macho. Hivyo ndivyo tufanyavyo misibani, na kadiri mtani anavyoanguka vibaya ndivyo anavyosifiwa. Nesi Editruda alijifuta machozi. Osmunda ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mwoneni mpagazi kaanguka na mzigo!"

"Sitanii, Osmunda."

"Hata kwenye msiba wa baba yangu ulisema hutanii, ukaondoka na mbuzi."

"Naapa kwa mama yangu."

Kicheko kikazidi, kwa sababu wiki iliyopita tu niliapa kwa mama yangu huyo huyo kwamba droni ya Osmunda imerudi kutoka Mbinga na panya wawili wa kukaushwa badala ya dawa. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na machozi nayo yakachekesha. Maisha yangu yote nimefurahia uhuru ule wa kumwambia Mngoni lolote bila neno langu kuhesabika. Sasa nilitaka neno moja tu lihesabike, na sikuwa nalo.

"Haya, twende," alisema daktari. "Mama mpokezi atapumzika, Osmunda akilala na hofu itakatika."

Nesi alifungua breki ya kitanda.

Mkono wangu ulikuwa tayari nyuma ya sikio, lakini haukubandua. Nitabandua kwa haki gani? Mwenyewe amesema kitoe. Ana akili zake, anajua jina lake, anajua kizazi ni nini. Hofu imesema vingine, lakini si ndiyo hiyo tuliyokuja kuiondoa? Kama hofu ndiyo ingekuwa inawajibia watu, hakuna ambaye angewahi kupasuliwa. Lakini aliyejibu pale kitandani alikuwa nani? Osmunda ninayemjua mimi huuma mdomo kwanza, hata ukimwuliza kama anataka chai ya tangawizi. Ile sehemu yake inayouma mdomo alikuwa hanayo. Nilikuwa nayo mimi, sakafuni. Na nikibandua, nitammwagia hofu yote bila kumwuliza, yaani nitamwamulia jambo lake mwenyewe hayupo, lile lile ninalolilalamikia.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka kizingiti. Nikabandua.

*

Osmunda hakupiga kelele. Alishika vyuma vya kitanda kwa nguvu na kufungua mdomo, na kwa muda hakuna kilichotoka. Halafu miguu ilianza kucheza chini ya shuka, na mashine ya presha ikaanza kulia.

"Mama, umefanya nini?" alisema nesi Editruda.

"Nimetua. Nina haki ya kutua."

Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari Ngailo aliirudisha miwani machoni, akaitazama mashine na kutikisa kichwa.

"Tuahirishe," alisema. "Kwa presha hii simpeleki popote."

"Ngoja," alisema Osmunda. Meno yalikuwa yanagongana. "Daktari, umeniuliza nini pale? Niulize tena."

"Umeshajibu, Osmunda. Imerekodiwa."

"Sikuwepo."

Daktari akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwanzo.

"Zamani nilikuwa nauliza swali hili kliniki, kabla ya vipokezi," alisema. "Mgonjwa alikuwa ananitazama kwa hofu na kuniambia, fanya unavyoona, daktari. Kila mmoja. Nilikuwa naamua mimi, nikirudi nyumbani sipati usingizi. Tulipohamishia swali huku, baada ya kipokezi, watu wakaanza kujibu. Nikafurahi. Sikujiuliza anayejibu ni nani."

Alirudia swali lake neno kwa neno, polepole. Mimi nilijikokota mpaka kando ya kitanda. Magoti yangu yalikuwa yamerudi kuwa yangu, lakini bado hayakuwa na nguvu.

"Mwambie akiache," nilimwambia Osmunda. "Usione haya. Nimesikia mimi. Shangazi alipokuombea mtoto nilisikia, na daktari alipouliza nilisikia. Najua unakitaka."

Aligeuza uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

"Umesikia nini wewe?"

"Hofu."

"Hofu ya nini?"

Nesi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mawazo hayaji, inakuja hofu tupu. Maneno niliyokuwa nimeyaweka juu yake yalikuwa yangu, niliyatoa kichwani mwangu mimi na kumvika yeye.

"Siogopi kitolewe, Kalunde," alisema. "Naogopa kiachwe."

Alilia kidogo, akajifuta kwa shuka.

"Kikiachwa nitaanza tena. Nitaanza kuhesabu siku. Nitanunua vinguo nivifiche kabatini. Nitaambiwa ngoja, na nitangoja. Mara tatu nimezika kitu ambacho hata jina hakina, na kila mara naambiwa nijaribu. Siwezi ya nne. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kama bado nataka. Miaka yote nilikuwa nangoja swali hili. Likaja wakati sipo."

Bi Fotunata alikuwa amesimama pale pale, mikono imening'inia.

"Nisamehe, shangazi," Osmunda alimwambia.

Shangazi alishika kiti chake, akakaa.

"Kwa hiyo nifanyeje?" aliuliza daktari.

Osmunda aliuma mdomo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, machozi yakishuka mpaka masikioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemharakisha. Lile toroli la gurudumu bovu lilipita tena huko nje, likaenda zake.

"Kitoe," alisema.

Lilikuwa neno lile lile la mwanzo. Nilikuwa nimeangusha kila kitu ili lisisemwe, na sasa lilikuwa limesemwa na mwenyewe.

Daktari aligusa ukuta, taa ikazimika. "Nimekusikia. Ila presha haijakaa sawa. Tunaweza kumrudishia mtani wako hofu, au tunaahirisha."

"Nipe," nilisema, mkono nimeshaunyoosha. "Nitabeba. Nitakaa kimya kabisa."

"Hapana," alisema Osmunda. "Imeshanirudia, niachie. Nikilala nataka nilale nikiwa mzima mzima."

"Basi itabidi ishuke yenyewe," alisema daktari.

Nilijua ilipokaa. Labda hilo ndilo jambo pekee nililokuwa nimeliokota kwa udadisi wangu wote. Nilipitisha mikono chini ya shuka, nikashika magoti yake yote mawili na kuyabana kwa nguvu, pale nyuma ambapo skrubu zilikuwa zinafunguka.

"Hapa?" nilimwuliza.

Alishtuka. "Hapo. Umejuaje?"

"Si nilikuwa huko? Vuta pumzi. Taratibu. Halafu yale mengine yako masikioni, usiyasikilize, nisikilize mimi. Nitakusimulia jinsi nitakavyolitumia lile jiko lako."

"Mikono yako ya baridi, Mnyamwezi," alisema, na katikati ya kulia akacheka.

Nilimsimulia habari za jiko. Nilimsimulia nitakavyopika michembe ndani ya sufuria zake mpaka zipate harufu isiyotoka. Namba za presha zilishuka kidogo, zikakwama, zikashuka tena. Daktari hakuniharakisha. Miguu haikuacha kutetemeka, lakini ilitetemeka ndani ya mikono yangu. Mwishowe daktari aliitikia kwa kichwa. Nesi Editruda akafungua breki, na Osmunda alikwenda akiwa ameshika vyuma vya kitanda, macho wazi, anaogopa.

*

Mimi na Bi Fotunata tulikaa kwenye benchi la korido, nje ya mlango mkubwa. Nilikuwa nasubiri anikaripie. Nilikuwa nimelitia neno lile uzito ambao halikuwa nao, na nilijua yeye ndiye aliyeumia.

"Angejibu ile mara ya kwanza tu," alisema, "ningesema kile kidude ndicho kilichosema. Ningekwenda kaburini nikisema hivyo. Sasa nimemsikia mwenyewe."

"Samahani, shangazi."

"Sikulaumu."

Alinyoosha khanga yake mapajani, akaikunja, akainyoosha tena.

"Pale nilipokuwa naomba," alisema, "ile hofu uliisikia?"

Mtani ana ruhusa ya kusema uongo. Nilifikiria kuitumia.

"Niliisikia."

"Ilipanda?"

"Ilipanda, shangazi."

Aliitazama mikono yake, kwanza viganja, kisha upande wa nyuma.

"Huwa namwombea kila asubuhi," alisema. "Kwa simu, kabla hajaenda kazini. Tangu ile mimba ya kwanza. Namwambia usikate tamaa mwanangu, bado tunangoja, na yeye anasema amina."

Nilitafuta kitu cha kumchekesha. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sijawahi kuishindwa mbele ya Mngoni yeyote, hai au maiti. Sikupata kitu.

"Kila asubuhi, Kalunde," alisema, na mimi nikasogea nikamshika mkono.